Nilivyopunguza akrilamaidi kwenye krispi zangu za viazi

Ninakaanga krispi hapa Arusha, naziuza maduka ya Sakina na Ngarenaro. Akrilamaidi ni kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, na safari yangu ya kuipunguza ilianzia kwenye dawa iitwayo asparajinesi. Niliisikia kwanza hospitalini: mtoto wa dada yangu alipougua saratani ya damu, ile ya limfoblasti, ilikuwa mojawapo ya sindano zake. Ni kimeng'enya kinachovunja asparajini, kirutubisho ambacho seli za saratani hiyo haziwezi kujitengenezea vya kutosha, basi zinakufa njaa. Ugunduzi wake ulianzia kwa simbilisi! Mwaka 1953, huko Marekani, John Kidd aliona majimaji ya damu yao yakiangamiza uvimbe wa panya.

Baadaye mteja wangu aliyesomea mambo ya vyakula akaniambia viwanda vya biskuti navyo hutumia kimeng'enya hicho. Nikamganda kwa maswali. Kumbe viazi na ngano vina asparajini nyingi, na ikikutana na sukari kwenye joto la zaidi ya nyuzi 120 huzaa akrilamaidi. Watafiti wa Sweden walitangaza mwaka 2002 kwamba imo kwenye vyakula vya kukaanga na kuoka. Viwandani kimeng'enya kinachotokana na kuvu huchanganywa kwenye kinyunga, kinapunguza sana asparajini, kisha joto la tanuri linakiua. Dada yangu alishtuka, akidhani watu wanalishwa dawa ya mwanawe. Hapana, hakuna anayelishwa dawa: biskuti ikitoka tanurini kimeng'enya kimeshakufa.

Kwangu kimeng'enya hicho kisingefaa sana. Kwenye kinyunga kinafika kila mahali, lakini asparajini ya kiazi kilichokatwa imejificha ndani ya seli. Nikaamua kupambana na sukari na moto. Viazi siviweki kwenye friji, maana baridi kali inageuza wanga kuwa sukari. Navihifadhi stoo, gizani, penye hewa. Nikishakata, naloweka vipande kwenye maji baridi nusu saa, nasuuza mpaka maji yawe maangavu, nakausha kwa kitambaa safi. Nimenunua kipimajoto cha mafuta na sipitishi nyuzi 170. Hapa ndipo penye kazi hasa, kwa sababu jiko la mkaa halina adabu: napunguza makaa mapema, natia vipande vichache vichache, naepua vikiwa na rangi ya dhahabu. Vyenye kahawia naviondoa, siviuzi.

Kwa rangi hiyo hafifu, wenye maduka walidhani krispi hazijaiva. Niliwafungulia pakiti wakaonja hapo hapo, wakaagiza nyingine.