Kilo si uzito

Jana usiku binti yangu aliniletea daftari. Kaandika: "Uzito wa jiwe ni kilo 6." Mwalimu kamkosesha kwa wino mwekundu. "Baba, nimekosea wapi?" Nilinyamaza kidogo, maana hata mimi husema hivyohivyo kila siku.

Kilo hupima tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Uzito ni nguvu ya mvutano, na hupimwa kwa nyutoni. Jiwe lile hapa duniani lina takriban nyutoni 59. Ukilipeleka mwezini, hazifiki 10! Tungamo lake lakini halibadiliki, ni kilo 6 zilezile.

Namshukuru sana mwalimu yule, wengi wangelipitisha tu. Binti akafuta "uzito" taratibu, akaandika "tungamo", akalipigia mstari mara mbili.