Kisukari, uzazi wangu na uwatu

Ukigundulika una kisukari utaambiwa habari za macho, figo na miguu. Ya chini ya mkanda huambiwi mpaka uulize mwenyewe. Niliuliza kwa sababu tulikuwa tunatafuta mtoto, na nguvu zangu zilikuwa zinakuja na kukatika.

Daktari hakuzunguka. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu, na uume unategemea yote. Kwenye korodani huzidisha kemikali kali zitokanazo na oksijeni, ambazo hushambulia utando wa mbegu na hata vinasaba vilivyomo. Testosteroni, homoni ya kiume, nayo hushuka kwa wanaume wengi wenye kisukari cha aina ya pili. Akaniandikia vipimo. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kikasoma asilimia 9.4. Idadi ya mbegu haikuwa mbaya, ila zilizokuwa zikitembea ni asilimia 29, na mpaka wa chini wa Shirika la Afya Duniani ni 42.

Habari ikiwafikia ndugu, kila mmoja ana dawa yake: uwatu, habasoda, tangawizi, mdalasini. Nami si mtu wa kudharau mimea. Metformini, dawa ya kisukari ninayomeza kila siku, chimbuko lake ni mmea, Galega officinalis, uliotumika kama dawa huko Ulaya tangu zamani. Nikaanza kusoma tafiti. Nyingi zinakwenda hivi: panya anachomwa sindano ya streptozotosini, ambayo huua seli zinazotengeneza insulini, akishapata kisukari ananyweshwa dondoo la mmea kwa wiki kadhaa. Mwishoni, waliopewa dondoo mara nyingi hukutwa na mbegu nyingi zaidi na testosteroni ya juu kuliko wagonjwa wenzao.

Inatia moyo, ila ukipiga hesabu unapoa. Panya akipewa miligramu 200 kwa kila kilo ya mwili, kwangu mimi wa kilo 80 ni gramu 16 kwa siku. Hata ukigawanya kwa 6 na kidogo, kama wanasayansi wafanyavyo kuhama kutoka panya kwenda kwa binadamu, inabaki gramu 2 na nusu za dondoo, si za unga. Dondoo ni mmea uliokwisha kukamuliwa na kukaushwa. Kijiko cha unga kwenye chai hakifiki huko. Tena panya huyo kaugua jana tu, mimi nina miaka nayo.

Nikachagua uwatu peke yake, maana nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Kuchanganya mitatu minne kwa mkupuo sikutaka. Ningejuaje kipi kinafanya nini? Nikamweleza daktari.

“Kunywa, bwana, ila naiandika kwenye faili kama dawa nyingine,” akasema.

Alikuwa na sababu. Nilikuwa natumia pia glibenklamidi, ambayo hushusha sukari hata usipokula. Haikupita muda, alasiri moja mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, mashine ya kupimia sukari ikasoma 3.6, yaani imeshuka mno. Nikala kitu kitamu, nikampigia, akapunguza glibenklamidi.

Vidonge vya “nguvu za kiume” visivyo na maelezo nilivikataa kabisa. Mamlaka ya dawa ya Marekani imewahi kukuta, mara nyingi, sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Anayetumia dawa za moyo za naitreti akimeza hiyo bila kujua, presha inaweza kuporomoka mpaka ikamuua.

Kupima tena sikuharakisha, kwa sababu mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa. Baada ya miezi mitatu na ushee wastani wa sukari ukasoma asilimia 6.8, mbegu zinazotembea asilimia 44. Uwatu umechangia kiasi gani? Siwezi kuutenganisha na dawa, mwendo wa kila jioni na kilo zilizopungua, na kwa maoni yangu kazi kubwa imefanywa na kushuka kwa sukari. Bado naunywa, pamoja na chakula.

Nguvu zenyewe zimerudi polepole zaidi kuliko mbegu. Kwa hilo daktari amenipima moyo kwanza, kisha akaniandikia sildenafili, ya dozi inayojulikana.