Nilivyofaulu Fizikia ya Mwaka wa Kwanza Nikiwa Mwanafunzi wa Biolojia

Fizikia niliiacha mwishoni mwa Kidato cha Pili, kama wafanyavyo wengi katika shule zetu, kwa kuwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, humruhusu mtahiniwa kufanya sayansi mbili tu kati ya tatu. Nilibaki na biolojia na kemia, nikaitwa kusomea biolojia katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Nairobi, na kwenye ratiba ya mwaka wa kwanza nikaikuta fizikia ikiningoja. Lilikuwa somo la lazima kwa kila anayesomea sayansi za viumbe: linaanza na mwendo na kani (yaani msukumo au mvuto), linapitia viowevu, joto, umeme na mwanga, kisha linaishia kwenye mionzi. Nililimaliza kwa alama ya A, na kwa kuwa wadogo zangu chuoni huniuliza mara kwa mara nilifanyaje, nimeona ni heri niandike.

Kazi ya wiki za mwanzo haikuwa fizikia hata kidogo. Nilirudi kwenye hesabu za sekondari: kuihamisha herufi moja ibaki peke yake upande mmoja wa mlinganyo, kuandika namba kubwa na ndogo kwa vipeo vya kumi, kusoma mteremko wa grafu, na kutumia saini na kosaini katika pembetatu yenye pembe mraba. Ninaamini hapa ndipo wengi wanapokwama. Mwanafunzi atakwambia kwamba haielewi sheria ya pili ya Newton, ile isemayo kwamba kani ni tungamo (kiasi cha maada ya kitu) mara mchapuko (kasi ya kubadilika kwa mwendo), kumbe sheria yenyewe anaielewa vizuri, ila kinachomshinda ni kuigawa kani katika sehemu mbili pale kitu kinapokuwa kwenye mlima, maana hajui ni sehemu ipi inayochukua saini na ipi inayochukua kosaini. Mimi nilijizoeza kulipima jibu kwa kuifanya pembe iwe sifuri. Barabara ikiwa tambarare, uzito hauwezi kulivuta gari upande wowote, na saini ya sifuri ni sifuri. Kwa hiyo sehemu inayoelekea chini ya mlima lazima iwe ile yenye saini. Hakukuwa na haja ya kukariri.

Mazoea yaliyonisaidia kuliko yote ni kuchora kabla ya kushika kikokotoo. Niseme hili kwa mfano wa matatu, kwa sababu ndio tulioutumia sana katika kikundi chetu cha majadiliano. Matatu inakwenda kilomita 80 kwa saa, ambazo ndizo ukomo wa kisheria wa magari ya abiria nchini Kenya, kisha dereva anakanyaga breki hadi magurudumu yanaburutika kwenye lami kavu. Itasimama baada ya umbali gani? Nilichora kisanduku, nikaweka mshale wa uzito ukielekea chini, mshale wa barabara ukisukuma juu, na mshale wa msuguano ukielekea nyuma. Karibu kila mgeni wa somo hili huongeza mshale wa nne unaoelekea mbele, kwa sababu gari linakwenda mbele na anahisi lazima kuwe na kitu kinacholisukuma. Hakuna. Breki zikishafungwa, gari linaendelea mbele kwa sababu tayari lilikuwa na mwendo, wala si kwa sababu kuna kani inayolipeleka huko. Anayekubaliana na picha hiyo ya mishale mitatu amekwisha kuielewa sehemu kubwa ya mada za mwanzo, na anayeikataa atasumbuka nayo hadi mwisho wa muhula.

Picha ikishakubalika, hesabu ni fupi. Tukichukua kigawo cha msuguano, yaani namba inayoonyesha jinsi matairi yanavyoshikana na lami, kuwa 0.7, msuguano ni 0.7 mara uzito, na tungamo la gari linajifuta pande zote mbili za mlinganyo, jambo lililotufanya tubishane jioni nzima, kwa sababu maana yake ni kwamba katika mfano huu matatu iliyojaa na matatu tupu husimama baada ya umbali uleule. Gari linapunguza mwendo kwa takriban mita 6.9 kwa sekunde katika kila sekunde, na umbali wa kusimama unakuwa mita 36. Tulipoirudia hesabu kwa kilomita 40 kwa saa tulipata mita 9. Mwendo umekuwa nusu, umbali umekuwa robo.

Matokeo ya namna hiyo ndiyo niliyoanza kuyatafuta katika kila mada: ukikiongeza hiki maradufu, kile kinabadilikaje? Katika viowevu tulifundishwa kanuni inayoitwa kwa jina la Jean Poiseuille, daktari wa Ufaransa wa karne ya 19 aliyechunguza jinsi viowevu vinavyopita katika mirija myembamba. Kiasi kinachopita hutegemea nusukipenyo kikipandishwa kwenye kipeo cha nne (r × r × r × r), kwa hiyo mshipa wa damu ukipungua nusukipenyo kwa asilimia 10 tu, huku shinikizo likibaki lilelile, damu inayopita hupungua kwa takriban theluthi moja, na ukipungua hadi nusu, hubaki sehemu moja ya kumi na sita. Kwa mtu wa biolojia hilo si swali la mtihani tu. Nakiri kwamba tangu siku hiyo nililisoma somo kwa hamu ambayo sikuwa nayo.

Umeme niliuelewa kupitia tokeni za stima. Yuniti moja tunayonunua kwa simu ni kilowati moja kwa muda wa saa moja, yaani juli milioni 3.6, na hita ya maji ya wati 1,000 huimaliza kwa saa moja kamili. Kwa volti 240 za nyumbani, hita hiyo huvuta ampea 4.2 hivi. Nilikuwa nikiviandika vizio kando ya kila namba, kwenye kila mstari, hata pale wenzangu walipoona ninapoteza wino. Jibu la umbali likitoka na sekunde ndani yake, kosa hujulikana kabla karatasi haijafika kwa mhadhiri.

Joto na mwanga vilikwenda bila shida, sina mengi ya kusema juu yake.

Maabara, kwa upande mwingine, wengi huidharau, na alama zake huhesabiwa. Jaribio la timazi, yaani kitu kizito kidogo kinachobembea kwenye uzi, linatosha kuonyesha. Uzi wa mita moja huchukua sekunde 2 hivi kwenda na kurudi, na kidole kwenye saa huchelewa au kuwahi kwa sehemu ya sekunde. Ndiyo maana mtu hupima mizunguko 20 kwa pamoja kisha akagawanya, ili kuchelewa huko kugawanywe pia. Sisi tulipata mchapuko wa mvutano wa dunia karibu na mita 9.78 kwa sekunde katika kila sekunde. Meza ya jirani ilipata kama hiyo, ikaisogeza hadi 9.81 kwa sababu ndiyo iliyoandikwa vitabuni, ilhali Nairobi iko karibu na ikweta na juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, mahali ambapo mvutano huwa pungufu kidogo. Namba yao ya kwanza ndiyo iliyokuwa bora. Tangu hapo niliandika nilichokiona, kisha nikaeleza kwa nini kinatofautiana na kitabu.

Kuhusu mtihani wenyewe, chuoni kwetu majaribio ya katikati ya muhula na maabara hubeba alama 30, na mtihani wa mwisho 70. Swali la kwanza ni la lazima, lina alama 30 na hugusa mada zote, kisha mtu huchagua mawili yenye alama 20 kila moja. Kwa mpangilio huo nilizisoma mada zote kwa kiwango cha swali la kwanza, halafu nikazama katika tatu tu: kani, viowevu na umeme. Karatasi za miaka iliyopita nilizinunua kwenye kibanda cha fotokopi karibu na lango, na nilizifanya kwa saa mezani, kitabu kikiwa kimefungwa, kwani kusoma suluhisho la mwenzako na kutikisa kichwa kwamba umeelewa hakukufundishi kuanza swali peke yako. Katika chumba cha mtihani sikuacha swali tupu. Palipokuwa na swali nisiloweza kulimaliza, nilichora mishale, nikaandika kanuni na vizio vyake, nikaonyesha ningeelekea wapi, kwa sababu wahadhiri wetu hutoa alama kwa hatua, na jibu la mwisho mara nyingi huwa na alama moja tu.