Usiku wa mchana

Tangu nihamie Lincoln, Uingereza, ule mnara mwembamba wa rangi ya kutu juu ya Canwick Hill nilikuwa nauona nikiwa kwenye basi tu. Jumamosi nimetoka zamu ya usiku, usingizi umegoma, nikaupandia. Ni kumbukumbu ya wanajeshi wa ndege za mabomu za Uingereza waliokufa Vita vya Pili vya Dunia. Urefu wake mita 31, sawa na mabawa ya Lancaster, mojawapo ya ndege hizo, kutoka ncha hadi ncha. Pembeni kuna kuta zenye majina yao, karibu majina 58,000. Nilimaliza ukuta mmoja, nikakaa chini.

Kilichonikaa kichwani ni mafunzo yao. Marubani, waongoza njia, walenga mabomu, watu wa redio na wapiga bombomu, kila mmoja amesomea kwake, wengine Kanada, wengine Rhodesia. Siku moja wote wanaingizwa kwenye banda la ndege, wanaambiwa: haya, tafutaneni wa kuruka pamoja ndege moja. Basi! Jeshi linalokupangia hadi namna ya kukunja blanketi, hapo linajitoa. Mimi niliyekuwa nabaki wa mwisho tukigawana timu za chandimu, nimeliwaza sana hilo banda. Fundi wa injini alikuja baadaye, walipohamia ndege za injini nne, wakatimia saba.

Waingereza walishambulia zaidi usiku, kwa hiyo ilibidi wazoee giza. Lakini usiku hautoshi kwa wanafunzi wote, hivyo wakautengeneza mchana: vioo vya ndege vinafunikwa kwa rangi moja, mwanafunzi anavishwa miwani ya rangi nyingine. Yeye nje haoni kitu, saa za vipimo vya ndege mbele yake anaziona. Mwalimu asiye na miwani anaona kila kitu. Giza la kuvaa usoni.

Usiku wa kweli haukuwa na mwalimu wa namna hiyo. Wengi walifundishiwa ndege za Wellington kuukuu zilizokwishachoshwa na vita, na zaidi ya 5,000 walikufa mafunzoni, kabla ya kumwona adui.

Walifundishwa pia kwamba jicho linahitaji kama nusu saa kulizoea giza, na kwamba kitu hafifu usikikodolee. Tazama pembeni yake kidogo. Jana nikienda kazini nimejaribu kwenye kile kijia kisicho na taa. Nguzo ya uzio niliyoikazia macho ikayeyuka. Nikageuza macho kushoto kidogo, hiyo hapo, na paka juu yake.