Mwani kwa sufuria ya ndengu, si lazima sushi

Ukitaja mwani hapa Nairobi watu wanafikiria sushi tu, zile karatasi nyeusi za nori, na stori inaishia hapo. Nori mimi naipenda pia, naipitisha juu ya moto wa gesi hadi igeuke kijani halafu naivunjavunja juu ya mayai ama wali, lakini utamu wenyewe uko kwa mwani wa kupika, na huo unaingia kwa chakula chetu cha kila siku bila shida yoyote.

Chukua kombu, ule mpana mkavu unaouzwa kwa maduka ya Kichina kule Kilimani. Uko na ungaunga mweupe juu, usiuoshe, panguza vumbi tu. Mwaka wa 1908 profesa mmoja wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alitaka kujua ni nini kinafanya supu ya kombu inoge hivyo bila nyama, akapata ni glutameti, kemikali iliyo kwa kombu yenyewe, na hiyo ladha yake akaiita umami. Wajapani huweka kombu pamoja na dagaa wadogo waliokaushwa, na sisi si tuko na omena! Nazitoa vichwa na matumbo ndio zisilete uchungu, nazikaanga kidogo bila mafuta, naziloweka usiku kucha kwa maji baridi na kipande kidogo cha kombu, asubuhi naweka kwa moto mdogo na natoa kombu kabla maji hayajachemka kwa sababu ikichemka inaanza utelezi, omena zinaendelea dakika chache halafu nachuja. Hiyo supu ndio napikia ndengu, na kitunguu, nyanya na dania, na nakwambia hata Royco hutaikumbuka. Kwa maharagwe naacha kombu ndani hadi mwisho, naona yanalainika vizuri na siweki magadi.

Lakini ule ulio karibu na roho yangu ni wa Kwale. Kule Kibuyuni, karibu na Shimoni, kina mama wanafunga vipande vya mwani kwa kamba, maji yakipwa wanaingia kuukagua, baada ya wiki kama sita wanavuna na kuanika. Mwingi unauzwa mkavu na kupelekwa nje ya nchi kutolewa karajinani, ile inashikilia aiskrimu na dawa ya meno zisijitenge. Yaani chakula kinapita mlangoni kwetu kikienda, sisi tunakikuta kwa tyubu ya dawa ya meno! Hilo linaniuma kweli.

Binamu yangu akitoka Pwani huniletea. Ukiwa mkavu ni mgumu kama waya, una chembe za chumvi zinazong'aa, ukiushika vidole vinabaki na harufu ya bahari. Osha, loweka, badilisha maji mara kadhaa mpaka chumvi itoke, utaona umevimba na kuanza kupitisha mwanga. Mwagia maji moto na uchuje hapo hapo, usiuache kwa moto maana utayeyuka. Kisha changanya na kitunguu, nyanya, embe bichi iliyokwaruzwa, tangawizi, pilipili na ndimu. Unaliwa ukilia kru kru, na samaki wa kukaanga ama ugali tu.

Ukitaka uyeyuke, basi makusudi: uchemshe polepole kwa maziwa, iliki na sukari, chuja ukiwa moto, ukipoa unaganda wenyewe bila gelatini. Watoto wanamaliza bakuli.

Kuna mambo mawili ya kuchunga. Kombu ina iodini nyingi mno na chumvi yetu Kenya tayari imewekwa iodini, kwa hivyo kipande kidogo kinatosha, si kila siku, na kama uko na shida ya tezi ya shingo ongea na daktari kwanza. Na ule mweusi wa nyuzinyuzi unaoitwa hijiki uache dukani, una aseniki, ambayo ni sumu, Uingereza waliwaambia watu wao wasiule.

Sasa City Market napata kamba, pweza na ngisi kutoka Pwani, lakini mwani wa Kwale bado sijauona kwa meza hata moja. Kama unamjua mtu anayeuleta Nairobi, hata kilo moja moja, niandikie hapo chini, nitakuwa mteja wa kila mwezi.