Nilivyoboresha breki za 4x4 yangu, na kalipa nilizozifunga kichwa chini

Gari yangu ni 4x4 ya kizamani, chasisi ya ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, breki za diski mbele (sahani ya chuma inayobanwa na pedi zilizo ndani ya kalipa), za dramu nyuma (ngoma ya chuma inayosuguliwa kwa ndani na viatu vya breki). Ilivyotoka kiwandani breki zake zilikuwa zinaitosha kabisa, mi ndo niliyeivurugia hesabu. Nikainyanyua springi inchi 2, nikatoa tairi za inchi 29 nikavalisha za 33, afu bampa ya chuma, winchi, keria juu, tanki la pili la mafuta. Kila kitu kilichoingia nilikuwa nawaza itavuta vipi, sikuwaza hata siku moja itasimama vipi. Na hiyo tairi peke yake, kutoka 29 kwenda 33, breki inatakiwa ifanye kazi zaidi kwa kama asilimia 14 ili gari isimame vile vile, manake tairi kubwa ina mkono mrefu wa kuisukuma diski izidi kuzunguka, na hapo bado hujahesabu uzito wa chuma chote nilichobandika.

Siku nilipokoma ilikuwa mteremko mrefu wa mawe na changarawe, nashuka na gia ya tatu, gia ndogo ya 4x4 (ile inayopunguza mwendo wa gia zote) sijaweka kwa sababu ya haraka zangu (ujinga huo ni wangu, siusingizii mtu). Ikaanza harufu. Pedeli ilikuwa ngumu tu kama kawaida ila gari haishiki, nakanyaga mpaka nanyanyuka kwenye siti, inapungua kidogo tu. Mbele kidogo pedeli ikaanza kulainika, ikazama, nikapampu mara tatu nne ikarudi nusu, nikapiga gia ya pili injini ikalia vibaya sana, mwisho nikaiegemeza kwenye ukingo wa udongo ikajikwaruza ubavu wote ndo ikasimama. Kushuka kuangalia, diski za mbele zimekuwa za bluu. Nikakaa pale saa nzima naziangalia tu zipoe.

Sasa mtu akishatishwa hivyo anakimbilia kununua. Nikatafuta kalipa za pistoni 4 za modeli nzito zaidi ya familia ile ile ya gari, zinakaa kwenye matundu yale yale ya bolti, na diski nene zenye matundu ya hewa katikati. Zile zilizotobolewa tobolewa usoni nilizipita, zinapendeza kwenye picha lakini zikipata joto kali nyufa huwa zinaanzia kwenye vitobo, na ukipita kwenye tope vitobo vinajaa. Nikachukua zenye mifereji. Nikampelekea mzee mmoja fundi ninayemheshimu nikijua atanisifia. Hata boksi hakufungua.

"Kijana, siku ile pedeli ilikuwa ngumu au laini?"

Nikamwambia mzee, ilianza ngumu ikamaliza laini. Akacheka, akasema basi una magonjwa mawili na umenunua dawa ya moja.

Kumbe hizo ni habari mbili tofauti. Pedeli ngumu na gari haishiki, ujue pedi zimepitiliza joto, presha ipo ila zinateleza kwenye diski. Pedeli laini inayozama, hayo ni mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa, yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama sponji, kwa hiyo mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani taratibu, huoni, na kila yakivuta kiwango chake cha kuchemka kinashuka. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, ikishaingia maji kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Ya kwangu sikumbuki ilibadilishwa lini, tulivyoichomoa ilikuwa nyeusi kama oili chafu.

Nilipiga hesabu baadaye nikaogopa zaidi. Gari ya tani 2 na nusu ikishuka mita 300 za wima, nguvu inayotakiwa kuishia mahali ni megajuli 7 na kidogo, hiyo inatosha kuchemsha maji ya baridi lita 20 na ushee mpaka yatokote. Ndoo nzima! Injini isipokusaidia kwa gia ndogo, hilo joto lote linakwenda kwenye vipande vinne vya chuma. Na kwangu hata havikuwa vinne, kama utakavyoona.

Mzee akasema kabla ya kufunga chochote kipya, fungua nyuma. Nikafungua dramu, ukamwagika mchanga na tope kavu, viatu vya breki vimeng'aa kama kioo, adjasta zote mbili (za kusogeza viatu karibu na dramu) zimeshika kutu hazizunguki, na silinda moja ya gurudumu, ile inayosukuma viatu, inavuja taratibu, mafuta yamelowanisha kiatu. Yaani nyuma nilikuwa sina breki, nina mapambo. Nikabadilisha silinda na viatu pande zote mbili (upande mmoja tu usifanye, gari itavuta), adjasta nikazisafisha nikazipaka grisi ya joto, nikazikaza mpaka gurudumu likawa linasugua kidogo tu likizungushwa kwa mkono. Hiyo kazi ya mchana mmoja ndo iliyobadilisha pedeli kuliko kitu chochote, sikutegemea, manake viatu vikiwa mbali na dramu nusu ya mwendo wa pedeli inaisha kuvisogeza tu.

Afu kuna kile kivali kinachokaa kwenye chasisi juu ya ekseli ya nyuma, kina kijiti kinashuka mpaka kwenye ekseli. Mi miaka yote nilijua ni kitu cha springi. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari ikiwa tupu nyuma inakaa juu, kivali kinapunguza presha ya breki za nyuma ili tairi zisifunge zikateleza, ukipakia inashuka, kinaachia presha zaidi. Sasa mtu akinyanyua gari inchi 2 kama nilivyofanya, kivali kinaona gari iko juu, kinajua iko tupu. Hata ukipakia mzigo wa kufa mtu chenyewe kinaona mzigo wa nusu. Kwa hiyo nilikuwa nimebeba winchi, tanki na vyombo vya safari wiki nzima huku breki za nyuma zimenyimwa presha. Dawa yake ni kipande cha chuma kinachonyanyua mguu wa kile kijiti kwenye ekseli kwa inchi zile zile ulizonyanyua gari, bolti mbili na kazi imeisha. Watu wananyanyua magari kila siku na hiki kitu hakitajwi.

Ndo tukaja mbele sasa, na hapa nilifanya peke yangu na mdogo wangu, na hapa ndo niliaibika.

Kutoa kalipa za zamani si kazi, ila usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, funga kwa waya kwenye springi. Bati la kukinga vumbi nyuma ya diski ilibidi nilikate pembeni kwa sababu diski mpya ni nene. Habu, pale diski inapokalia, nikaikwangua kutu vizuri, ukifunga diski juu ya kutu itayumba na pedeli itatetemeka utadhani diski ni mbovu. Mipira ya breki nikaweka ile ya kusokotwa kwa waya, mirefu zaidi, hii usiipuuze kama umenyanyua gari, ekseli ikining'inia kwenye shimo mpira mfupi unavutika mpaka mwisho. Niliijeki gari kwenye chasisi nikaacha ekseli ishuke yote, nikakata usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho nikiangalia mpira kila mara. Wosha za shaba mpya, zote.

Tukaanza kutoa upepo kwenye mafuta ya breki. Gurudumu la mbali na masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedeli) kwanza, tukaja mpaka la karibu, mdogo wangu ndani anakanyaga, mi chini na spana. Kanyaga, shikilia, fungua, funga, achia. Nyuma pedeli ikakaa vizuri. Mbele mapovu hayaishi. Lita nzima ya mafuta imepita, pedeli bado sponji. Nikabadilisha wosha, nikakaza kila nati, nikaanza kuishuku masta silinda, nikaishuku mipira, jioni inaingia na dogo analalamika mguu umekufa ganzi. Akashuka kujinyoosha, akainama kuangalia, akauliza, "Kaka, hewa si huwa inapanda juu? Mbona hiki kitu cha kutolea kiko chini?"

Nilikuwa nimefunga ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Zinaingia vizuri tu, bolti zinakubali, kila kitu kinakaa, ila nipeli ya kutolea upepo inakuwa chini na hewa yote imejikusanya juu kwenye pistoni haina pa kutokea, ungepampu mpaka mwaka unaofuata. Nikabadilishana pande, dakika ishirini pedeli ikashika. Dogo hilo analisimulia mpaka leo.

Ikashika, ila ilikuwa inakwenda mbali. Pistoni kubwa zinataka mafuta mengi ili zisogee, na masta silinda ya inchi 7/8 ilikuwa haitoshi, pedeli inafika nusu ndo breki zinaanza. Nikaweka ya inchi 1, hiyo inasukuma mafuta zaidi kwa kama asilimia 30 kwa mwendo ule ule wa mguu. Ila hakuna cha bure hapo, silinda ikiwa pana presha inapungua kwa nguvu ile ile ya mguu, kwa hiyo pedeli ikawa fupi na nzito kidogo. Mi naipenda hivyo, mwingine angebadilisha na busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu). Masta silinda mpya itoe hewa kwanza ikiwa kwenye vaisi kabla ya kuifunga, la sivyo utarudi kule kwenye mapovu. Na angalia kile kijiti cha busta kisiwe kirefu kikaisukuma silinda muda wote, breki zitakuwa zinajishika zenyewe ukiendesha na utapika diski mpya siku ya kwanza.

Pedi mpya nazo usiende nazo mlimani siku hiyo hiyo. Nilitafuta barabara tupu, nikawa natoka kwenye 60 napunguza mpaka kama 10 bila kusimama kabisa, mara kumi hivi, afu nikaendesha taratibu bila kugusa breki zikapoa. Njiani nikasikia tik tik tik kwenye gurudumu la mbele, moyo ukaruka, kumbe ni vile vipande vya risasi vya kubalansi tairi, vya ndani ya rimu, vinagusa kalipa mpya. Nikavihamisha.

Baada ya wiki mbili nikarudi kwenye mteremko ule ule na mzigo wangu wote. Safari hii gia ndogo, gia ya pili, breki nagusa na kuachia. Nilipofika chini nikapeleka mkono karibu na kila rimu, mbele moto wa kawaida na, kwa mara ya kwanza tangu niinunue ile gari, nyuma nako moto. Kushoto nyuma kulikuwa na joto zaidi kidogo kuliko kulia, kumbe adjasta ya upande ule nilikuwa nimeikaza meno mawili zaidi. Nikailegeza pale pale chini ya mti, na mzee nikampigia simu nikamwambia pedeli ilikuwa ngumu mwanzo mpaka mwisho, na gari inashika. Akauliza hendibreki je. Sikuwa nimeigusa.