Nilivyopima matone ya mvua kwa unga wa ngano

Nilipouliza kwa nini hesabu ya rada ya hali ya hewa inatoa mvua pungufu kuliko kipimamvua changu, nilijibiwa: "Zidisha mara mbili, yaishe." Nikazidisha. Wiki iliyofuata ikapiga mvua ya radi, karatasini nikapata mafuriko, kipimamvuani maji ya kawaida tu. Ushauri ule ulinipotezea karibu masika nzima, na hadi leo unaniudhi.

Rada inapokea mwangwi wa mawimbi ya redio inayoyarusha, na mwangwi wa tone unafuata kipenyo chake kwa kipeo cha sita. Tone moja la milimita 3 linarudisha mwangwi sawa na matone 729 ya milimita 1, ingawa hayo madogo kwa pamoja yana maji mara 27 zaidi. Sasa utazidishaje kwa namba moja?

Ilibidi nijue ukubwa wa matone yenyewe. Nikafuata njia ya Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, aliyoieleza mwaka 1904: sinia la unga. Kwanza nilichota sembe iliyokuwepo jikoni. Matone yakazama, hata donge moja halikushika. Nikanunua unga wa ngano, kama elfu nne hivi, nikauchekechea kwenye sinia. Nikaliacha uani dakika nzima, nikarudi nakuta uji. Aliyeniokoa ni mama: "Mwanangu, chukua kawa." Nikalivisha kawa nailoni, nikasimama mvuani na sinia limefunikwa. Funua, moja, mbili, tatu, funika! Asubuhi, unga ulipokauka, nikachekecha, vikabaki vidonge vigumu: vingine kama ulezi, vingine kama dengu. Nilivimwaga kiganjani nikavitazama muda mrefu. Mvua ya jana usiku, naishika mkononi.

Kupima kidonge kipi ni tone lipi, nilidondoshea unga uleule maji kwa mpira wa dripu. Matone 20 yalijaza mililita 1, yaani kila tone lina kipenyo cha milimita 4.6. Madogo zaidi nilitumia sindano; usitumie unga wa paketi nyingine, vidonge vinabadilika.

Mvua ndefu ya alfajiri ilinipa ulezi mtupu, ya radi dengu tele. Mwangwi wa dBZ 40 (dBZ ni kipimo cha nguvu ya mwangwi wa rada), kwa kanuni ya Marshall na Palmer ya 1948 ya kugeuza mwangwi kuwa mvua, ni milimita 11.5 kwa saa. Kwa kanuni ya mvua za kitropiki, inayochukulia matone ni madogo, karibu 22. Siku hizi sichagui kanuni kabla ya kuchekecha. Juzi ilinyesha ya ulezi, nikatumia ya kitropiki, na hesabu ikapishana na kipimamvua milimita mbili tu.